Uji wa Tangu Alfajiri

Mama Séraphine alikuwa amelea watoto sita kwa uji. Lakini Ijumaa hiyo, mbele ya Florent, muuguzi wa wakimbizi waliojibanza katika uwanja wa kanisa huko Mapendo, alijiona kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

Mjukuu wake Niyigena, mwenye miaka miwili, alikuwa ameharisha siku tatu. Macho yalikuwa yamezama.

“Ulimulisha nini?”

“Uji ya avwani, ile nafaka ya wazungu mulitugawia, nyeupe kama pumba. Naipika asubuhi, anakula mpaka kesho yake. Makala ya moto iko wapi, mwanangu, ya kupika kila saa? Ikianza kuchacha nafurahi, najua inakomaa.”

Florent akashika kichwa. “Mama! Ikishapikwa, masaa mawili tu, kisha unamwaga. Mwenye friji ndiye anailaza siku tatu.”

Kumwaga chakula? Kwao Masisi maziwa yalilala kibuyuni siku mbili ndipo mtoto akapewa. Uji wa mtama uliochacha ndio uliofunga tumbo. Uchachu umegeuka sumu lini?

“Kibuyu munakifukiza moshi, na maziwa iko na chachu yake,” Florent akasema. “Hii inachachishwa na vijidudu, hatujui vimetoka wapi.”

“Na nikiichemsha tena?”

“Moto unaua kidudu, sumu yake inabaki. Huyu akiharisha tena wiki hii, mama, sijui kama tutamushika asitutoke.” Akampa pakiti za chumvi na sukari za kukoroga na maji safi, akamwita aliyefuata.

Séraphine alirudi hemani jua likiwa utosini. Sufuria ya alfajiri ilikuwa palepale, imefunikwa kitenge. Akanusa. Ilinukia vizuri tu.

“Florent hajazaa hata panya!” jirani yake Mwavita alicheka alipoelezwa, akipuliza moto wa maharage. “Sasa tutakula kwa saa ya mukono? Chemsha, umupe mutoto.”

Séraphine akafumba macho, akaomba. Moyoni ikamjia mana, chakula Mungu alichokishusha jangwani, iliyooza na kutoa mabuu watu walipoilaza. Basi, mwaga. Lakini ile ya kuamkia Sabato ililala na haikuoza, na leo si Ijumaa? Basi, laza. Akafumbua macho, amechanganyikiwa kuliko alivyoanza. Kwa mbali, upande wa Sake, bunduki nzito ilinguruma. Niyigena alikuwa akinyoosha mkono kwenye sufuria.

Aliutazama mkono ule. Ulikuwa mwembamba kama kijiti cha kuwashia moto.

Akaimwaga sufuria juu ya mawe meusi, haraka, kabla moyo haujageuka. Mtoto akapiga kelele.

“Mama Séra! Wazimu?”

“Sijui, dada. Kweli sijui. Unisogezee maharage kidogo, niweke kikopo pembeni ya moto wako. Nitapika ya mara moja tu.”

Mwavita alinung’unika, lakini akasogeza.

Niyigena alikula, akalala na kijiko mdomoni. Vilibaki vijiko vitano vya uji. Séraphine akavitazama. Kuvilaza hakuthubutu. Kuvimwaga, mkono ulikataa. Kwao mtu mzima hali chakula cha mtoto mgonjwa. Akatazama huku na huku amwulize nani. Mwavita aligeuza uso kwenye maharage yake.

Basi akavila vyote, mchana kweupe, vikiwa bado vya moto.