Dirisha la Nadine

Orville Stamper hakujiunga na chuo cha kaunti ili awe askari jela. Mzee aliyeishia darasa la nane, mapafu yameliwa na vumbi la makaa, nani angemkabidhi funguo? Alijiunga kwa sababu wazee husoma bure, na kwa sababu kila muhula wanafunzi wa somo la sheria na magereza huingizwa jela ya kaunti wakaione kwa ndani. Humo ndimo alimofia mkewe, Nadine.

Kosa la Nadine lilikuwa kutofika mahakamani kwa kesi ya taa mbovu ya gari. Alikuwa na kisukari. Wakubwa wa jela walirushiana makaratasi ya dawa yake mpaka sindano ilipofika ikawa haina wa kudungwa. Orville walimkatalia kumwona, basi akaegesha pikapu nyuma ya jela, chini ya madirisha ya wanawake, akakaa humo hadi walipomkabidhi maiti. Sasa alitaka kujua jambo moja tu: je, Nadine alimwona pale chini?

“Babu,” alimtania Shelby, msichana aliyekaa naye dawati moja, walipofika langoni, “mfungwa akitoroka utamkimbiza na hicho kikohozi?”

“Nimkimbize wa nini? Nitamshikia mlango.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Combs, aliyezeekea kwenye uaskari wa jela hiyohiyo kabla ya kushika chaki, hakucheka.

Walipofika upande wa wanawake akasimama. “Kila darasa huwa na mmoja anayetaka kufungiwa kidogo aonje. Nani?”

“Mimi!” Shelby akaruka.

“Kaa kando, binti,” Orville akasema.

Mwalimu akamtazama, kisha akakipita chumba kilichokuwa wazi, akaenda kufungua cha pili kutoka mwisho. “Ni hiki, mzee,” akasema kwa sauti ya chini.

Mlango ukajibamiza. Papo hapo sauti ikanguruma ukumbini: “Hesabu!” Wakati wa hesabu jela nzima haifungui mlango hata mmoja mpaka idadi ilingane.

Orville akalisogelea dirisha. Lilikuwa jembamba kama kiganja, na kioo chake cheupe, kizito kama maziwa yaliyoganda. Akakibandikia uso. Mwanga tu. Akakifuta kwa mkono wa shati, kama mjinga, maana ukungu ule ulikuwa ndani ya kioo chenyewe. Mtu alikaa mezani akaamua kwamba mke wa mtu asitazame nje, kisha akaenda kula chakula chake cha mchana.

“Amezidi mmoja!” askari akafoka. “Nani huyu wa ziada?”

“Mwanafunzi wangu,” Mwalimu akajibu. “Rudieni.”

Huko chini gari likapita. Kivuli kikatambaa kwenye kioo, kizito, hakina sura wala rangi, kikayeyuka. Pikapu lingekuwa hivyohivyo. Lakini pikapu lake halikutambaa. Lilisimama palepale siku zote zile. Au Nadine alikiona kivuli chake siku ile Orville alipolisogeza kukwepa jua?

Mlango ukafunguliwa.

“Idadi imelingana, babu,” Shelby akasema taratibu, utani umemwisha. “Toka.”

Orville hakugeuka. “Waambie wahesabu tena,” akasema, paji la uso limegandamana na kioo.