Jina la Tatu la Mtoto wa Gati

Jina la kwanza, Burito, mtoto alilikataa. Ndivyo walivyosema pale kijijini Guta, kando ya ziwa. Mtoto akilia sana na kusukuma ziwa la mama yake, ujue kuna marehemu wa ukoo anataka jina lake lirudi. Basi Boke, mama mkwe wake Gati, akaita ndugu, mtoto akabadilishwa jina akawa Magesa. Akatulia kidogo, halafu akaanza tena, na safari hii ilikuwa king'ora kabisa.

Gati mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Kwao Butiama alikuwaga mtu wa vicheko, akicheka yeye mpaka jirani anacheka bila kujua sababu. Tangu ajifungue, ndani kumezima. Anaamka amechoka, chakula hakina ladha, akimwangalia mtoto ni kama kaachiwa mzigo wa mtu stendi na mwenyewe harudi. Maziwa yalikuwepo. Yeye ndo hakuwepo.

Renatus, mume wake, alikuwa Musoma, anahangaika na biashara ya dagaa kule Nyakato. Miaka ile ya uhaba sabuni ilikuwa ya kusikia tu, akirudi na mche mmoja utafikiri kaleta dhahabu. Kwa hiyo nepi Gati alizifulia ziwani kwa majani ya mpapai.

Asubuhi moja akamlaza mtoto kwenye jiwe la kufulia, karibu kabisa na maji, akaondoka. Hakuwa na hasira. Aliondoka tu, kama mtu anayeenda dukani. Kilio kilipoanza kufifia nyuma yake akajisikia nafuu, na ile nafuu ndo ikamtisha. Akarudi mbio mpaka kandambili ikakatika. Mtoto alikuwepo, mzima, amelowa miguu.

Mchana huohuo ndugu wakaja kwa ajili ya jina la tatu.

"Kaa hapa, mkamwana," Boke alisema. "Nikiita Enoka, unampa ziwa. Akinyonya, tumepata."

"Akikataa na hilo tumwite Serikali," wifi yake Robi akadakia, "atanyamaza kwa woga."

Wanawake wakaangua kicheko. Gati hakukaa.

"Mama, mtoto hana shida na jina."

"Umejuaje wewe?"

"Mwenye shida ni mimi. Leo nimemwacha ziwani."

"Ulimsahau?"

"Sikumsahau. Nilimwacha, nikaondoka."

Kicheko kikafa hapohapo. "Wifi, umelogwa?" Robi akauliza, sasa bila utani.

Boke akainuka, akamchukua mtoto mikononi mwa Gati. Gati akajua yameisha, anarudishwa Butiama mikono mitupu. Na cha ajabu, hapo ndo akasikia kitu kikimchoma kifuani, kwa mara ya kwanza tangu azae: hakutaka kurudi bila huyo mtoto.

"Vaa kanga yako," Boke alisema. "Tunaenda Bunda, zahanati."

"Na jina je?" ndugu mmoja akauliza.

"Jina litasubiri. Mtu hasubiri."

Zahanati walipokelewa na nesi Esta, mama mnene mwenye sauti ndogo.

"Unalala?" akamuuliza Gati.

"Analala huyu," Boke akajibu, "tena mpaka jua linatoka, sema tu..."

"Mama, namuuliza yeye."

Basi Gati akasema. Usingizi unaogoma hata mtoto akilala. Jiwe. Ile nafuu. Alivyokuwa anawaza kwamba mtoto angepata mama mwingine ingekuwa afadhali. Alisema yote akiangalia sakafu. Esta hakumkaripia. Alivuta kiti karibu.

"Huo ni ugonjwa, mwanangu. Unawapataga wazazi wengi, wanaficha. Unatibika. Daktari atakuona leoleo, na mtakuwa mnarudi. Ila kwa sasa usiachwe peke yako na mtoto, na upate mtu wa kumshika wewe ulale."

"Mtanichukulia mtoto?" Gati alimuuliza nesi, lakini macho yalikuwa kwa mama mkwe.

"Nimchukue nimpeleke wapi?" Boke akasema. "Mimi nina maziwa? Utahamia chumbani kwangu. Akilia, mimi naamka. Akitaka ziwa, nakuamsha. Kwisha."

Gati akataka kucheka, kikatoka kilio. Kilio kikubwa, cha kwikwi, mpaka watu wa foleni wakaanza kuchungulia mlangoni.

Boke akawageukia, mtoto begani.

"Mnaangalia nini? Mtu anaumwa."