Mkanda Kifuani mwa Mzazi

Kwetu Umeruni mzazi hali kwa kipimo. Anakaa ndani miezi mitatu akilishwa mtori wa ndizi na nyama, na maziwa, na siku anapotoka amenawiri, watu humsifu mume pamoja na bibi aliyemlisha. Bibi huyo nilikuwa mimi. Tabea, mke wa mjukuu wangu Nelson, alijifungua salama nyumbani kwangu, na jirani yangu Hedwiga akawa anatuletea maziwa kila asubuhi bila kuombwa.

Kisha maziwa ya Tabea mwenyewe yakapungua. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Nampikia mama yake mtori mzito, analamba kijiko tu. "Nimeshiba, Bibi." Nilipokuwa namwogesha nikaona alama nyekundu chini ya matiti, kama ya kamba.

"Nani amekufunga?"

Akalia. Akatoa chini ya godoro mpira mrefu wa kuvuta, saa nyeusi na mkanda wa kifuani. Tangu biashara ifunguliwe kila kitu kimeingia nchini, lakini hivi nilikuwa sijaviona. Nelson hupandisha wageni mlimani, na mgeni mmoja ndiye aliyempa. Unavuta mpira, mkanda unasikiliza moyo, saa inakuambia umechoma kalori ngapi.

"Namba ikiwa ndogo, nisile mtori," Tabea akasema. "Nelson anataka siku ya ubatizo nivae gauni langu la harusi."

Jumamosi Nelson akaja kutoka Themi, mjini, kabeba kuni begani kama kawaida yake, maana anaujua mgongo wangu. Hata wema huo siku hiyo sikuutaka.

"Shikamoo, Bibi."

"Weka kuni. Vua shati."

"Bibi?"

"Vua!"

Nikamfunga mkanda nikaukaza, nikamvisha saa, nikamtupia mpira. "Vuta."

"Bibi, haya mambo ya kisasa huyajui. Wake za wenzangu mjini..."

"Wake za wenzako ndio wanaonyonyesha kitukuu changu? Vuta!"

Akavuta mpaka jasho likamdondoka. Sufuria ya mtori ilikuwa inachemka palepale.

"Saa inasemaje?"

"Bado kidogo. Bibi, sijala tangu asubuhi."

"Saa haijakuuliza hayo. Vuta."

Nikampakulia Tabea. Mtoto alikuwa mapajani pake. Kabla hajaonja, akamsogezea mumewe bakuli. "Kula kidogo, umechoka."

Aliyenyimwa ndiye anayegawa! Hasira ikanipanda upya. Nikampiga Nelson mwiko wa mkono kabla hajalipokea.

"Ukiligusa bakuli hilo, jikoni kwangu hukanyagi tena. Unamfunga mama kifua chenye chakula cha mwanao! Kaa hapo umtazame akila mpaka amalize."

Akakaa. Tabea akala, mkono mmoja umeshika kijiko, mwingine mtoto, bakuli likiyumba gotini. Nelson akafungua mkanda, akajifuta jasho, akampokea mtoto polepole ili mama yake ale vizuri.

Niliona. Sikumsifu. Nikampakulia Tabea bakuli la pili.