Stoo Isiyopitisha Upepo

Mara ya pili mama mkwe wa Seremala alipopotea, walimkuta katikati ya watu wenye fimbo. Alikuwa amesimama kwenye ua wa watu asiowajua, mtaa wa tatu kutoka nyumbani, amembana kuku mwekundu kwapani kama mtu aliyebeba mkoba wake mwenyewe, na wanaume sita wamemzunguka. Mmoja alishika mpini wa jembe. Seremala alifika akitweta, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi, akapenya katikati yao mikono juu.

"Jamani, ni mama yetu huyo! Ni mzee, anasahau!"

"Anasahau vipi, na kuku hajamsahau?" aliuliza yule wa mpini. Wawili watatu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwokoa bibi wa watu, maana watu wakishacheka mikono hulegea.

Mwenyewe hakuwa na habari. "Giza linaingia," alisema, ingawa ilikuwa saa nane mchana na jua linachoma. "Nimekuja kufungia kuku wangu. Kwani kuna ubaya gani?"

Njia nzima Seremala alitembea hatua mbili nyuma yake, kwa adabu. Alikuwa ameuona ule mpini. Alijua kabisa kwamba angechelewa kidogo tu, angerudi na kitu kingine cha kumwonyesha mkewe.

Mama mkwe alikuwa amefuga kuku miaka zaidi ya arobaini kabla ya kumbukumbu kuanza kumvuja na binti yake kumleta kukaa nao. Jina la binti alishalisahau mara mbili tatu. La mkwewe hakuwahi kulishika vizuri tangu siku ya posa, kwa hiyo hilo halikuhesabiwa. Lakini kila siku, kitu fulani ndani yake kilimwambia kwamba kuku wako nje na hawajafungiwa, na hapo hakuna geti wala kelele iliyomzuia.

"Tumfungie ndani?" Seremala aliuliza jioni ile.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na hata nyumbani kila mtu alimwita Mwalimu. Alimtazama kwa jicho ambalo watoto wake wa darasani walilijua vizuri. "Mama yangu si mbuzi."

"Basi tumletee kuku. Akiwa nao hapa, atawafuata wapi tena?"

Mwalimu akakubali. Kati yao hakuna aliyewahi kufuga hata mmoja. Mwalimu alimjua kuku wa kwenye kitabu cha picha, na Seremala alimjua wa kwenye sahani. Lakini wote wawili walikuwa na hofu moja, na hofu hiyo ndiyo iliyowapeleka Jumamosi kwa muuza vifaranga.

Muuza vifaranga alikuwa mtu wa kupenda kutisha wateja. Aliwahesabia vifaranga ishirini na watano ndani ya boksi lenye matundu, halafu akawahesabia na maadui. Kuna mwewe, akasema. Kuna panya, kuna nguchiro, kuna kideri, ugonjwa unaofyeka banda zima kwa siku mbili. "Lakini hao wote wana subira. Upepo ndio hauna subira. Upepo ukipita chini ya mlango, wewe asubuhi unakuja na ufagio." Alisema na mengine, juu ya jiko la mkaa la kuwapa joto na namna ya kulitumia, lakini Seremala aliposikia neno mlango, masikio yake yaliishia hapo hapo. Mlango ulikuwa kazi yake.

Na kazi aliifanya kweli. Stoo ya nyuma, alikokuwa anaweka mbao chakavu, aliisafisha mpaka pembeni. Dirisha akalipigilia mbao. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli vipande virefu, akavizungushia kwenye fremu yote ya mlango, misumari midogo, nafasi sawasawa, kazi safi kama ya kabati la bwana harusi. Katikati ya chumba akatengeneza duara la maboksi, akaweka jiko la mkaa, na juu ya jiko chungu kilichotobolewa ili joto litoke polepole. Mwisho akafunga mlango, akawasha njiti ya kiberiti karibu na ufa wa chini. Mwali ulisimama wima bila kutikisika. Akamwita mkewe aje aone.

"Hata mbu hapiti hapa," alisema, kifua mbele.

Mkaa nao uliwaka vizuri, mwekundu, hauna hata uzi wa moshi. Na kwa Seremala, pasipo na moshi hapana neno.

Mama mkwe alipowaona vifaranga alishika mdomo. Akaketi kwenye kigoda, akamchukua mmoja, akamgeuza tumbo juu, akampuliza manyoya, akamrudisha, akachukua mwingine, mpaka wote ishirini na watano wakakaguliwa. Bibi aliyekuwa anavaa kandambili moja nyekundu na nyingine bluu sasa aliwatenga wanyonge na wenye nguvu bila kukosea hata mmoja. Mwalimu alisimama mlangoni akilia waziwazi. Wiki nzima mama mkwe hakukanyaga nje ya geti.

Kasoro ilikuwa moja tu: hakutaka mlango ufungwe. Kila akiingia, aliuacha wazi. Seremala akipita, aliufunga. Siku ya tatu alimkuta anachokoa mpira wa fremu kwa mpini wa kijiko.

"Mama, unafanya nini?"

"Watoto wanataka hewa."

"Watapigwa na upepo, mama. Watakufa."

"Wanataka hewa," alirudia, bila ugomvi, akaendelea kuchokoa.

Seremala alikwenda kumshtakia mkewe, mtu mzima na ndevu zake. Mwalimu akacheka kwa huzuni. "Mzoee tu. Juzi aliniambia mimi ni dada yake." Basi Seremala akarudisha mpira, safari hii kwa misumari mirefu.

Siku ya tano vifaranga wawili walikufa. Siku ya sita, watatu. Waliobaki walikaa wamezubaa, mabawa yamelegea. Hapo ndipo Seremala alipoogopa hasa. Hakuogopa kwa ajili ya vifaranga. Aliogopa kwamba wakiisha, yule mzee atasimama siku moja baada ya chai, atafungua geti, na safari hii hakutakuwa na wa kucheka. Alianza kuamka kabla ya alfajiri kwenda kuwahesabu. Kazini alikata mbao fupi, akazirudia, zikawa fupi tena. Upepo unapita wapi? Alipapasa fremu kwa kiganja kilicholowa. Ufa mdogo juu ya bawaba akauziba kwa gundi na unga wa mbao. Kwenye tundu la darini akasokomeza gunia. Na kwa kuwa mama mkwe hakuacha kuuacha mlango wazi, akautengenezea ujanja: kamba, kigurudumu, na jiwe lililoning'inia nje, ili mlango ujirudishe wenyewe na kubana. Muda huo wote mama mkwe alikuwa analalamika kichwa kinamgonga. Walimpa vidonge. Walimwambia ni hali ya hewa.

Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu asubuhi, mvua ya baridi isiyo na radi. Mwalimu alikwenda shule. Seremala alijaza jiko mkaa mara mbili ya siku nyingine, akasubiri ukolee, akaliingiza stoo. Mama mkwe akaingia na kigoda chake, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa sauti nene, laini, sauti ambayo seremala yeyote angejivunia. Naye akaenda karakana, upande wa pili wa ua, akaendelea kupiga randa.

Ilikuwa kama saa nne alipotambua kwamba hasikii vifaranga. Kwa kawaida kelele zao zilipenya ukutani kutwa nzima. Alisimamisha randa, akasikiliza, akatabasamu. Kifaranga anayelia ana baridi, aliwahi kusikia, na anayenyamaza ameshiba joto. Hatimaye! Akapiga randa ubao mwingine, na mwingine tena, akiimba kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mpini.

Kisha akaweka chai, akajaza kikombe, akavuka ua akikifunika kwa kiganja kisiingie mvua.

"Hodi, mama."

Akagonga tena, kwa nguvu kidogo.

"Hodi. Nimekuletea chai."

Mtu haingii tu alipo mama mkwe wake. Huenda amejifungua kitambaa cha kichwa, huenda amekaa vibaya, huenda anasinzia. Seremala alisimama pale, mvua ikimwagikia mgongoni, akisubiri ruhusa kama mkwe mwenye adabu zake. Alipiga hodi ya tatu. Chai ikapoa. Mwishowe akaweka kikombe chini, akafungua mlango.

Mpira uliachia kwa mlio wa kunyonya. Joto likampiga usoni, joto zito lisilo na harufu ya kitu chochote kibaya. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu chini ya mlango, shavu kwenye sakafu, na mkononi alishika kijiko. Kwenye kona ya chini ya fremu mpira ulikuwa umechokolewa, kipande kisichozidi urefu wa kidole. Nyuma yake vifaranga walikuwa wametapakaa kimya ndani ya duara.

Mtu ambaye miaka kumi na saba hakuwahi kumgusa mama mkwe wake zaidi ya kiganja sasa alimbeba kifuani, akateleza, akaanguka naye kwenye matope, akapiga kelele ambayo hakujua ni yake. Alimgeuza uso kwenye mvua. "Mama! Mama, pumua! Mama, nakuomba!" Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinazunguka. Majirani wakaja. Mmoja akaleta gari. Mahali fulani kati ya ua na hospitali mama mkwe alikoroma mara moja, akatapika mapajani mwa Seremala, na Seremala akamshukuru Mungu kwa matapishi.

"Mkaa kwenye chumba kilichofungwa," alisema muuguzi, akimvisha mzee kifuniko cha hewa puani. "Una sumu isiyoonekana wala kunuka. Dakika chache zaidi tusingezungumza hapa. Nani alifunga chumba?"

Ndipo Mwalimu alipoingia mbio, chaki bado vidoleni. Alimwangukia mama yake, akampapasa uso, akasikia swali, akajibu yeye. "Mama anasahau, sista. Atakuwa amejifungia mwenyewe."

Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Jirani mwenye gari akasema wazee wana mitihani. Na Seremala, aliyekuwa amesimama pale na matope mpaka shingoni, alifungua mdomo, akaona uso wa mkewe, akaufunga. Aliogopa. Sema unavyotaka juu yake, lakini aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye mvua. Alilala na uongo huo, na ukalala naye.

Kesho yake mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, macho maangavu. Mwalimu alimkalia karibu, akamshika mkono, akaanza kumkanya taratibu kama anavyowakanya wa darasa la tatu. "Mama, usijifungie tena na jiko. Umetutia hofu. Umesikia?"

Mzee alitafuta kichwani mwake. Ilionekana wazi anavyotafuta, anafungua huku na kule na hakuti kitu. Kisha akainamisha uso.

"Nisameheni," alisema. "Sikumbuki, lakini kama mnasema ni mimi, basi ni mimi. Niliwaua na vifaranga?"

"Si wewe," alisema Seremala.

Mwalimu akageuka.

"Ni mimi, mama. Niliziba kila mahali. Wewe uliniambia wanataka hewa, ukaniambia tena na tena, nikaona umechanganyikiwa. Mlango niliutengeneza mimi."

Mwalimu aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mama yake, akauweka mapajani, akautazama kama si wake, kwa sababu na yeye aliambiwa akacheka. Mama mkwe akapapasa shuka mpaka akaukuta mkono wa Seremala.

"Hukujua, mwanangu," alisema. "Yamekwisha."

Seremala alilia mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Na alipomaliza, alipojifuta uso, mama mkwe alimgeukia kwa upole mkubwa. "Na wewe nani amekuumiza, baba? Mimi hawajaniambia nimefikaje hapa."

Vifaranga tisa walipona. Sasa wana banda uani, waya pande zote, paa tu na hewa. Mama mkwe haendi popote. Kila asubuhi huketi mbele ya banda, huwahesabu, na kila asubuhi anajua kwa namna yake kwamba hawatimii. "Wengine wako wapi?" huuliza. Mwalimu alimshauri mumewe amwambie mwewe amechukua, yaishe. Hawezi. Humweleza yote upya, mkaa, mpira, jiwe, kijiko, naye humsikiliza kila mara kama mtu anayesikia msiba kwa mara ya kwanza, maana ndivyo ilivyo. Siku nyingine humshika mkono akamwambia hukujua, mwanangu. Siku nyingine husimama, akarudi nyuma mpaka ukutani, akamwita binti yake aje amwondolee huyu mtu. Seremala huchota pumba kwenye bakuli, husimama mlangoni mwa nyumba kwa muda, kisha hutoka kwenda uani bila kujua leo atajibiwa nini.