Saa ya Njaka

Kompyuta yangu ilikuwa na saa mbili. Ya nje ilikwenda kama saa zote za Antananarivo, haimngoji mtu. Ya ndani, kwenye kidirisha cha Njaka, kila nilipoifungua ilisema saa nne na dakika kumi asubuhi, Ijumaa moja ya miaka mitatu iliyopita.

Njaka alikuwa kaka yangu, mchoraji ramani, mbishi kupindukia. Programu yake ya kuchorea ilikuwa kongwe, kompyuta mpya hazikuitaka, naye hakutaka kujifunza nyingine. Nikamtengenezea mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta: mfumo wa zamani ukiishi ndani ya mfumo mpya kama mgeni aliyepewa chumba. Ijumaa ile aliisimamisha vilevile ilivyo, mchoro ukiwa wazi, akatoka kununua mofo, vile vikate vyetu vya mchele. Lori likamkuta barabarani.

Mashine iliyosimamishwa hivyo haijui lililotokea. Niliihamishia kwenye kompyuta ya dukani kwangu, nikakata uzi unaoipa saa ya nje. Kila mchana, wateja wakienda kula, niliiamsha. Nilitazama mshale pale pale alipouacha, nikakaa nao dakika tano, kisha nikairudisha mashine nyuma hadi alipoisimamisha. Mle ndani Njaka hakufa. Ametoka mara moja, anarudi. Wazimu? Haya, uite wazimu. Mimi ni fundi, nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya, na bado nilikuwa nikigeuka kutazama mlango.

Jumatano moja ya Agosti, kwa baridi ile ya kuuma mifupa, akaingia Shangazi Bakoly.

"Hirana, umekonda. Mume huna, na nyama nazo huna?" Akaketi kabla sijamkaribisha. "Jumamosi tunafungua kaburi la ukoo, tuwabadilishe wafu wetu sanda. Sanda zimeliwa na unyevu, majina hayasomeki. Unakumbuka aibu ya safari ile? Tulimfunga babu yako hariri ya mkewe, tukacheza naye begani tukimwita Bibi!"

Nilikumbuka. Ndiyo maana Njaka aliingia kaburini na futi yake, akapima kila kitanda cha jiwe, akaanza kuchora nani amelala wapi.

"Nitolee mchoro wake," akasema Shangazi. "Na jina lake uliandike humo, kitanda cha mashariki. Naye tunamfunga sanda mpya. Amenijia ndotoni mara tatu, analalamika baridi."

"Shangazi, wafu hawasikii baridi."

"Wewe ulikufa lini ukajua?"

Nikaiamsha mashine. Kitanda cha mashariki kilikuwa kitupu, mshale umesimama juu yake. Niliandika herufi tano za jina la kaka yangu, nikachapa, Shangazi akaondoka na karatasi yake. Lakini mazoea yana tabu. Mlango ulipofungwa tu, mkono wangu ukairudisha mashine saa nne na dakika kumi.

Kesho yake mchana Shangazi alirudi, anataka nakala nne za jamaa wa Antsirabe. Nilizichapa bila kufikiri. Akavaa miwani, akaipitisha karatasi ya kwanza karibu na pua, kisha ya pili.

"Njaka yuko wapi?"

Niliitazama karatasi mkononi mwake: kitanda cha mashariki kilikuwa kitupu.

"Jana umemwandika, leo umemfuta?"

"Sikumfuta. Niliirudisha tu."

"Uliirudisha wapi?"

Nikamweleza yote: saa iliyokatwa, dakika tano za kila mchana, mlango. Nilijiandaa kugombezwa. Hakugomba. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la lamba, shuka lake la mabegani, kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Sisi tunamfunua maiti wetu," akasema, "tunamwongelesha, tunacheza naye, na jua halijazama tumeshamfunika. Wewe umemfunua miaka mitatu hujamfunika. Halafu unaniuliza baridi inatoka wapi."

Nilikasirika, nakiri. "Nikilihifadhi jina, atakuwa amekufa hata humu! Hana pengine alipo hai, Shangazi."

"Najua, mwanangu."

Angebishana nami ningemshinda. Lakini alisema hivyo tu, akaweka mkono wake mgongoni pangu, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi.

Niliandika jina. Nikahifadhi. Kisha nikaufuta ule wakati uliosimamishwa, pasiwepo tena pa kurudia. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Sikuwa nayo, nikabonyeza. Mwisho nikaunganisha uzi wa saa, na saa ya ndani ikaruka miaka mitatu kufumba na kufumbua.

Kwanza kimya. Kisha vikumbusho vikaanza kufunguka, kimoja juu ya kingine, vitatu, maneno yaleyale, kimoja cha kila mwaka:

*Leo ni siku ya kuzaliwa ya Hirana. Mpigie mapema. Muulize kama meno bado yapo.*

Kumbe. Kila mwaka alinipigia kabla ya jogoo, ananicheka uzee, nami nikidhani anaikumbuka siku yangu kwa kichwa chake. Na miaka mitatu nimelia kwamba hanipigii, kumbe saa ya kunipigia nimeizuia mwenyewe.

Nililia, nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

"Inasemaje?" Shangazi akauliza, maandishi yalikuwa madogo kwake.

"Ananiuliza kama meno bado yapo."

Akanitazama mdomoni kwa makini, kama mtu anayetafuta jibu la kweli.

"Jumamosi utamjibu," akasema. "Sasa nichapie zile nne, na jina lake."

Karatasi ya kwanza ikatoka na joto lake. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, akaibana kifuani, akangoja ya pili.