Swichi Iliyofungwa

Tik. Tik. Tik. Kabla hakujapambazuka niliisikia swichi ya gereji ikibonyezwa, kisha ikapigwa ngumi. Nikajua binti yangu ameshachafukwa.

Gari lilikuwa ndani, kazini anasubiriwa, na mlango haukupanda. Rimoti aliivunja mwenyewe juzi, alipoirusha ukutani akigombana na Baba Pacha, mtalaka wake. Huyo ndiye fundi umeme aliyetuwekea mlango ule wa mota, kwa hiyo binti hakuwa na budi kumpigia. Alimfokea kwenye simu hadi nikamwonea huruma.

Alifika upesi, shati kalivaa ndani nje. Akafuta viatu mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Salamu baadaye!" binti akadakia. "Jana ulimwambia mama umefunga swichi. Umefunga nini, fundi wa kubahatisha wewe? Mlango ukifunguka, usikanyage hapa tena!"

Baba Pacha akatazama juu, taa ya mota inawaka, basi umeme unafika. Akafungua kifuniko cha swichi. Ndani, waya mbili zilikuwa zimeachanishwa, kila moja imezungushiwa tepu.

"Nilisema nimeifunga, Mama Pacha. Isitumike! Waya zimechubuka, zikigusana mlango unajifungua wenyewe. Ulitaka mlale wazi?"

"Si ungesema umeikata! Mimi nilijua umefunga mpya!"

"Mpya nilikuwa naitafuta!" Sasa naye alipandisha sauti. Akaichomoa mfukoni, bado imo kwenye karatasi yake. "Nakupigia nikwambie, hupokei!"

Kumbe neno ni moja, kila mtu kalishika upande wake. Nami nililifikisha kama nilivyopewa.

Akabadilisha waya zilizochubuka, akaunganisha swichi mpya, akabonyeza. Mlango ukapanda ukinguruma. Binti akajitupa garini bila hata ahsante.

"Nilichosema nimesema," akafoka dirishani. "Asikanyage!"

Hapo damu ikanichemka. Mtu kakurupuka usingizini mpaka shati kaligeuza, kafikiria tusiibiwe, halafu anafukuzwa kama kuku aliyeingia sebuleni! Nikasimama mbele ya gari, birika la chai mkononi.

"Talaka ni yenu nyinyi wawili," nikasema. "Mimi sikuachika."

Akapiga honi. Sikusogea.

"Piga mpaka betri iishe! Baba Pacha, chai yako hii hapa. Na Jumapili uje, mwanangu, hata kama hakuna kilichoharibika."