Fungu la Sita

Zella Ratliff alidondosha kipande cha nta ndani ya chungu cha chuma, akageuza uso moshi ulipopanda. Taka nyeusi zilielea juu, akazikwangua kwa kijiko cha zamani mpaka madini ya risasi yakang'aa kama uso wa kioo. Nje ya banda, ukungu wa Oktoba ulikuwa bado umelala bondeni, na mbwa wa jirani walikuwa wanabwekea gari lililokuwa likipanda kilima.

Alikuwa Dewey, mdogo wa marehemu mumewe. Aliingia akipuliza viganja.

"Shemeji, risasi hazijawa tayari tu? Wenzetu wameshapanga magogo ya kulengea kule kwa Clell, mashindano karibu yanaanza."

"Tulia. Kalibu bado ya baridi. Za mwanzo hutoka na makunyanzi."

"Kama mimi."

"Wewe ulitoka nayo tumboni."

Dewey alicheka, akakaa juu ya ndoo. Zella alichota kwa upawa, akamimina katika kalibu, kile chuma chenye tundu la duara, akahesabu pumzi chache, akaifungua. Gololi ya gobori ikaanguka juu ya kitambaa. Ikaja nyingine, na nyingine. Zilipopoa alikata vijikia vyake kwa kisu, kisha akaziviringisha moja moja juu ya sahani ya bati. Gololi nzima hukimbia moja kwa moja. Yenye shimo la hewa ndani haionekani kwa jicho, lakini huchechemea. Huenda kidogo, ikajipinda pembeni kama mlevi anayetafuta mlango. Hiyo hurudishwa chunguni. Tangu aolewe, kazi hiyo ilikuwa yake. Mumewe Hobart alipiga shabaha, Zella alisubu gololi, na nyumba ikala nyama.

"Umepata wapi madini mengi hivi?" Dewey aliuliza.

Zella alisukuma kopo la kahawa kwa mguu. Lilikuwa karibu tupu. "Ni yale ya Hobart. Ya mwaka ule."

Kila mtu bondeni aliujua mwaka ule.

Katika mashindano ya shabaha ya Clell hushindaniwa ng'ombe, naye hugawanywa mafungu sita. Mawili ya kwanza ni mapaja, mawili mabega, la tano ngozi na mafuta. La sita ni risasi zenyewe, zile zilizozama katika kisiki nyuma ya shabaha. Mshindi wa sita hupewa patasi akazichimbue. Hobart Ratliff, mtu aliyezoea kurudi na paja begani, miaka mitatu nyuma alirudi na kopo la risasi. Alipiga vizuri, ila gololi moja ilikwenda upande kabisa, ikakosa hata ubao, ikazama ukingoni mwa kisiki.

Gololi hiyo Zella aliijua. Juma lile dada yake Lottie alikuwa taabani hospitalini mjini, na Hobart, mwenye gari, alisema wangekwenda baada ya mashindano. "Lottie hafi kabla ya Jumapili," alisema, na kwa kweli hakufa. Yuko mpaka leo, anacheza karata na kuwaibia wenzake. Lakini siku ile Zella hakuyajua hayo. Alisubu huku akilia kwa hasira. Gololi moja ikachechemea juu ya sahani. Aliitazama, akaitia katika mfuko wa mumewe pamoja na nzima.

Alitaka akose mara moja tu. Alitaka aonje. Hobart aliporudi alivua kofia, akaketi, akasema, "Macho yangu yamekwisha, Zella." Hapo ndipo Zella angesema ukweli. Badala yake alimpakulia maharage.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Ya Zella yalikuja yakahamia kabisa. Hobart aliliangika gobori la baba yake ukutani na hakulishusha tena. Alinunua miwani ya dukani. Jioni alikaa barazani akiziba jicho hili, kisha lile, akitazama nguzo ya mwisho ya ua. Siku moja aliita, "Zella, kuna mwewe juu ya nguzo, au macho yananidanganya?" Zella alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Hakutoka hata mlangoni. "Mimi sioni kitu," alijibu. Februari hii Hobart alikufa, na hakuwa ameuliza tena.

Desturi ya bonde ni kwamba mpigaji akifa, bunduki yake hupigwa mara moja kufungua mashindano, na ndugu wa damu ndiye hupiga. Zella alimchagulia Dewey gololi iliyokimbia moja kwa moja kuliko zote, akaifunga katika kitambaa chenye mafuta.

Kwa Clell watu walikuwa wamejaa, kahawa inachemka, wanawake wamefungua vikapu vya mikate ya mahindi. Dewey alimimina baruti, akaiweka gololi na kitambaa chake mdomoni mwa mtutu, akaishindilia mpaka chini. Alilala nyuma ya gogo. Gobori likanguruma, moshi mweupe ukamfunika. Clell, mwenye mashindano, alikwenda akaurudisha ubao ameuinua juu.

Katikati. Ungeweza kuziba tundu lile kwa kidole.

Watu walishangilia, na Zella akahisi furaha, muda mfupi tu. Kisha akamsikia Elzie, mcheshi wao wa miaka yote:

"Mnaona? Bunduki nzima kama yai! Marehemu ndiye alikuwa anaona shabaha mbili, analenga ya tatu! Mwaka ule nusura ampige ng'ombe mwenyewe!"

Wakacheka, bila ubaya, kama watu wanavyomcheka waliyempenda. Zella alisimama.

"Hayakuwa macho yake," alisema. "Ni mimi. Gololi ile ilikuwa na shimo ndani. Niliijua, nikamwekea. Nilikuwa nimemkasirikia."

Kisha Clell akavua kofia.

"Huyo ndiye mke, jamani," alisema. "Mume yuko kaburini, yeye bado anamkinga."

"Clell, nasema kweli!"

"Tunajua, mama. Tunajua."

Wanawake walimzunguka, wakampapasa mgongo, mmoja akamtilia mkononi kipande cha keki ya tufaha. Elzie mwenyewe alikuja kuomba radhi, machozi yakimlengalenga. Zella alitafuta ushahidi wa kuwaonyesha, akakumbuka. Gololi ile ilikuwa ndani ya kopo la Hobart, na kopo lote aliliyeyusha asubuhi ile. Labda ushahidi wake ndio uliotoboa katikati ya ubao.

Jioni, nyama ilipogawanywa, walikubaliana wote kwamba fungu la sita apewe mjane. Alirudi na kopo mapajani, zito, ndani ya gari la Dewey.

Walipoingia njia ya kilimani, Dewey alianza.

"Shemeji, ile habari ya gololi."

"Ndiyo."

"Ni kweli."

"Ni kweli."

Alibadilisha gia. "Alinipa miwani yake, unajua? Alisema haimsaidii, akiivaa ndipo anaona ukungu. Mimi nikamtania. Nikamwambia uzee huo, kaka, ukubali tu."

Mlangoni Dewey alitaka kumrudishia gobori, Zella akakataa kwa kichwa. Gari likateremka.

Hakuingia ndani. Aliweka kopo sakafuni pale barazani, akakaa katika kiti cha Hobart, ambacho hakuwa amekikalia hata siku moja. Mwanga ulikuwa bado upo. Aliziba jicho la kushoto kwa kiganja, kisha la kulia. Kule mwisho wa ua, juu ya nguzo, kitu cha rangi ya kahawia kilijikunja dhidi ya baridi, kikageuza kichwa.

"Yupo," alisema Zella. Akasema tena, kwa sauti zaidi, kama mtu anayeita kutoka jikoni. "Yupo, Hobart. Namwona."